Posa Kwenye Foleni ya Marekani

Siku mzee Zefania alipopanda hadi kijiji cha Vuje kwa mara ya kwanza, Devotha alikuwa uani anasugua viatu vyake vyeupe vya kazi, na mama yake, Veneranda, alikuwa kibarazani anapepeta maharage. Pikipiki ilimshusha mzee kwenye kona ya chini, kwa sababu hakuna dereva wa Maore anayekubali kupandisha kile kipande cha mwisho mvua ikishanyesha. Kwa hiyo walimwona tangu mbali: koti jeusi la kanisani, kofia, kigunia cha mchele begani, na jogoo ananing'inia mkononi, miguu juu kichwa chini.

"Huyo ni mshenga," alisema Veneranda bila kuinua macho kwenye ungo.

"Umejuaje, mama?"

"Mtu hapandi mlima na jogoo kuja kuomba maji ya kunywa."

Devotha alicheka, akaenda kunawa mikono. Washenga hawakuwa wageni tena pale nyumbani. Walianza kuja tangu habari za Marekani zilipotoka.

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Devotha alikuwa nesi wa zahanati ya kijiji, miaka yake thelathini na ushee, hana mume wala mtoto. Alifanya mitihani ya kimataifa ya uuguzi, akafaulu, kisha akahojiwa kwa simu na nyumba moja ya kutunzia wazee huko Minnesota. Wakampenda, wakamwombea viza ya kwenda kufanya kazi na kuishi moja kwa moja. Ombi likakubaliwa. Kanisani walitangaza, watu wakapiga makofi, na kijiji kizima kikadhani Jumatatu anaondoka.

Kumbe kukubaliwa ndiko kunakokuingiza kwenye foleni. Kila mwombaji ana tarehe yake, siku ombi lake lilipoingia, na ya Devotha ilikuwa ya Desemba, Krismasi ikinukia. Kila mwezi Wamarekani hutangaza wamefikia tarehe ipi. Kama yako bado, unaendelea kuchoma watu sindano hapo hapo ulipo.

Basi kila mwezi Devotha alikuwa anapanda kwenye jabali lililo juu ya shamba lao la tangawizi, mahali mtandao unaposhika vizuri, anafungua tangazo kwenye simu. Akishuka tu, mama anauliza, "Wamesogea?"

"Wamesogea wiki moja."

"Mwezi mzima wiki moja? Hao wanatembea kwa magongo?"

Sasa, viza ya namna hiyo ina utamu mmoja: ukiwa na mume, na yeye anapewa. Devotha alimweleza jambo hilo Shamsa, mwenzake wa maabara, siku moja walipokuwa wanakunywa chai. Shamsa ni mtu mzuri sana, ila ukimwambia kitu leo, kesho kimeshuka mpaka Ndungu. Haikupita muda Mwalimu Clemence wa shule ya msingi, ambaye miaka yote hakuwahi kumsemesha Devotha ila kuomba dawa ya kichwa, akaanza kumbebea mkoba kutoka zahanati. Fundi mmoja kutoka Bendera akaleta mkungu wa ndizi. Wakaja na wengine.

Mzee Zefania alifika akihema, akavua kofia, akaitikia shikamoo ya Devotha, akasalimiana na Veneranda kwa Chasu, lugha ya Wapare, taratibu, bila kuruka hatua: habari za watoto, habari za mifugo, habari za mvua. Akasema ametoka Kihurio, analima mpunga, ni mjane, na wengi wanamwita Baba Anaeli. Kisha akasimama, akashika ukosi wa koti, akaanza hotuba aliyokuwa ameiandaa njia nzima.

"Mama, sisi ukoo wetu umetazama milimani, ukaona..."

Jogoo akajinasua kwenye kamba ya miguu. Aliruka juu ya ungo, akamwaga maharage, akapita katikati ya miguu ya mzee na kukimbilia migombani. Hotuba ikaishia hapo. Veneranda, kwa wepesi ambao Devotha hakuuona kwake siku nyingi, aliinuka, akamfuata jogoo, akarudi naye kwapani.

"Endelea, mshenga. Ukoo wenu umetazama milimani, ukaona nini?"

Mzee alicheka kwanza. "Ukaona nesi," alisema. "Ni kwa ajili ya mpwa wangu Rodrick, wa pale Same mjini, mwenye duka la mabati na saruji."

Veneranda akaacha utani. Devotha alihisi masikio yanapata moto.

Huyo Rodrick alikuwa mchumba wake, miaka ile alipotoka chuo. Walikuwa wameshaanza kuzungumzia tarehe ya kanisani. Kisha duka likachanganya, fedha zikaingia, na siku moja akamwandikia ujumbe wa simu, mstari mmoja: maisha yamebadilika, Devo, nakuombea mema. Devotha aliusoma akiwa zamu, akampokea mtoto wa mwanamke aliyekuwa anajifungua, akaenda chooni akalia, akarudi kazini. Tangu siku hiyo Rodrick hakupiga simu, hata ya pole baba yake Devotha alipofariki.

Alimtazama mzee usoni. Ilikuwa wazi hajui lolote. Kumkasirikia isingekuwa haki. Ndipo wazo la kishetani likamjia, likamkalia vizuri kabisa.

"Baba," alisema kwa adabu zote, "posa nimeisikia na nimeipokea. Ila kuna utaratibu."

"Utaratibu lazima uwepo," mzee aliitikia haraka, akidhani anazungumzia mbuzi na mablanketi.

"Mimi niko kwenye foleni ya Wamarekani. Kwa hiyo na mimi nimefungua foleni yangu. Waliotangulia wapo. Rodrick ameingia leo, basi leo ndiyo tarehe yake. Kila mwanzo wa mwezi nitatangaza nimefikia tarehe ipi."

Mzee alikunja kipaji akawaza. "Na kusogea kwake kunategemea nini?"

"Hapo hata mimi sijaelewa, baba. Wamarekani hawajanieleza, kwa hiyo na mimi sitaeleza."

Veneranda alijiziba mdomo kwa pindo la khanga, mabega yakawa yanatikisika.

"Anaweza kuja yeye mwenyewe kuulizia?"

"Ubalozini mtu haendi mpaka aitwe."

"Basi nitakuja mimi," alisema mzee Zefania, akavaa kofia yake kama mtu aliyepewa kazi ya maana.

Na alikuja. Kila mwezi ulipoanza, pikipiki ilimshusha kwenye kona, akapanda taratibu na kigunia chake. Devotha alimtangazia: mwezi huu foleni imesogea kidogo. Mwezi huu haikusogea. Zawadi za Rodrick, taa ya sola, viatu, simu mpya, zilirudishwa kama mzee alivyozileta, maana Devotha alisema ofisi yake haipokei kitu kwa mwombaji. Mchele wa mzee mwenyewe haukurudishwa. Huo ulipikwa.

Kwanza Veneranda alikuwa anamkaribisha chai tu. Baadaye akawa anambakizia makande. Ndipo ugomvi ukaanza.

"Sisi Kihurio makande tunayatia tui la nazi," alisema mzee siku moja, akiwa amemaliza sahani ya pili.

"Makande yenye nazi ni pilau lisilo na adabu," alijibu Veneranda.

"Hujayaonja."

"Wala sina mpango."

Mwezi uliofuata alikuja na nazi tatu ndani ya kigunia. Veneranda alizitazama, akazipeleka jikoni, na jioni ile Devotha aliporudi kutoka kazini akakuta mama yake anakwangua sufuria kwa kidole. Mwezi mwingine mzee alikuwa juu ya banda la kuku anapigilia bati. Mwingine walikuwa wote wawili kwenye mfereji wa shambani, suruali ya mzee imekunjwa hadi magotini, wanabishana maji yaelekezwe wapi. Devotha aliyaona yote hayo na hakuyafikiria. Alikuwa na mambo yake ya kufikiria.

Rodrick alimpigia simu. "Devo, utani huu mpaka lini?"

"Hilo swali ndilo ninalowauliza Wamarekani kila mwezi. Wakinijibu nitakujibu."

"Mimi ni mtu mzima, nina biashara!"

"Na mimi ni mtu mzima, Rodrick. Nina cheti na leseni. Na bado niko foleni."

Ilipofika Aprili, foleni ya Marekani ikakimbia. Tarehe ya Devotha ikabaki wiki chache tu mbele. Kwenye jabali lile alisoma tangazo, akalisoma tena, akashuka mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki migombani. Kijiji kikajua. Same wakajua. Shamsa alileta habari kwamba Rodrick amenunua mnadani koti zito la baridi na analivaa dukani mchana, katika joto lile la Same, eti anazoea. Wateja wakiuliza bei ya bati anawajibu kwa Kiingereza cha puani. Mwalimu Clemence naye akajifunza kutengeneza pancake.

Mei, palepale. Juni, palepale. Julai Devotha akapanda kwenye jabali na simu yake, na mama yake akasubiri chini kama kawaida.

Alichelewa kushuka. Veneranda alipoona jua linaondoka alimfuata. Akamkuta ameketi, simu imelala kwenye majani.

"Wamesogea?"

"Wamerudi nyuma, mama."

"Wamerudi nyuma wapi?"

"Karibu mwaka mzima. Viza za mwaka huu zinakaribia kwisha, kwa hiyo wamerudisha tarehe nyuma."

Veneranda aliketi kando yake. "Tarehe inarudije nyuma? Hata saa ya kanisani ilipoharibika ilisimama tu. Haikurudi."

Devotha alitaka kucheka, kikatoka kilio. Alilia kwa ajili ya mitihani aliyoisomea kwa mwanga wa simu, kwa ajili ya kuaga watu mara mbili na kuendelea kukutana nao sokoni, kwa ajili ya wale wazee wa Minnesota ambao pengine wengine walishakufa wakimsubiri. Mama yake hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono mpaka akamaliza, kisha wakashuka pamoja, polepole, kwa sababu ya utelezi.

Habari za kurudi nyuma zilimfikia Rodrick kabla ya wiki kwisha, na safari hii hakusubiri kuitwa. Alipanda Vuje kwa pikipiki yake mwenyewe, akakataa kushuka kwenye kona, akaanguka kwenye tope la kipande cha mwisho. Aliingia uani na matope hadi kwenye nyusi.

"Niambie ukweli," alisema bila salamu. "Utaondoka au huondoki?"

"Sijui."

"Lini utajua?"

"Wao ndio wanaojua."

"Watu Same wananicheka, Devo! Nimeshawaambia naondoka!"

"Mimi nimewaambia tangu mwaka juzi," alisema Devotha. "Utazoea." Akamletea maji ya kunawa uso, maana ni nesi na hawezi kumwacha mtu na tope machoni. Rodrick alinawa, akajifuta, akatazama migomba kama anaidai.

"Basi mimi natoka kwenye hiyo foleni. Na mjomba nitamwambia asije tena."

"Umeeleweka," alisema Devotha, na akashangaa jinsi alivyojisikia mwepesi. Mwalimu Clemence naye aliposikia alirudi kwenye dawa ya kichwa, na mwezi ule ule akamchumbia mwalimu mwenzake.

Agosti ilipoanza, Devotha alikuwa nyumbani anaanika nguo. Akaona kofia inapanda kutoka kwenye kona.

"Shikamoo, baba. Rodrick hakukuambia?"

"Marahaba. Aliniambia vizuri sana. Alipiga na kelele."

"Sasa umefuata nini huku juu?"

Mzee Zefania aliweka kigunia chini. Akavua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu amekisahau humo.

"Nimekuja kuulizia tarehe."

"Ya nani, baba?"

Huko jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka, ukazunguka sakafuni muda mrefu kabla ya kutulia. Veneranda hakutoka. Devotha aligeuka akatazama mlango wa jikoni, akamtazama mzee, akatazama tena mlango. Kisha yale makande, mfereji na banda la kuku vikamjia kwa pamoja.

"Karibu uketi," alisema. "Ngoja nikamwite anayehusika."

Alimkuta mama yake amesimama katikati ya jikoni, amejifunga khanga mpya ambayo asubuhi hakuwa nayo.

"Mama!"

"Usipige kelele, atasikia."

"Tangu lini?"

"Sijui. Tangu nazi." Veneranda alishusha sauti. "Mwanangu, nina neno lazima nikuambie, maana linanichoma. Siku ile waliporudi nyuma, nilipokukuta unalia pale juu, nilisikitika. Kweli nilisikitika. Ila nilisikitika upande mmoja tu. Upande wa pili ukasema, basi na mshenga ataendelea kuja."

Devotha alitaka kukasirika. Alijaribu kabisa. Badala yake aliketi juu ya gunia la tangawizi, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na mama yake akawa anampiga mgongoni kwa mwiko ili anyamaze.

Lakini Veneranda alikuwa Mpare wa kanisani, mjane mwenye heshima zake, na hakuwa tayari kuchukuliwa kienyeji. Alitoka nje akamwambia mzee kwamba mtu hajiposei mwenyewe. Kama ana neno, atafute mshenga, na mshenga awe mtu wa ukoo.

Mzee Zefania alirudi Kihurio akiwa na tatizo. Ndugu zake wa kiume wote walikuwa wametangulia mbele ya haki. Mwanawe Anaeli yuko Mbeya, na mtoto hamposei baba yake. Akabaki mmoja tu.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya Septemba, watu wa Vuje walimwona Rodrick mwenye duka la mabati anapanda kwa miguu kutoka kwenye kona, amevaa koti la kanisani la kuazima, kigunia cha mchele begani, jogoo mkononi. Shamsa aliacha maabara akaja kuchungulia uani. Devotha alikuwa ameketi kibarazani kwenye kiti cha baba yake, kama mwakilishi wa familia, miguu ameikunja vizuri.

"Karibu, mshenga," alisema. "Umetokea wapi?"

"Devo, tafadhali."

"Mshenga akiulizwa hujibu."

Rodrick alishika ukosi wa koti. "Kihurio. Ukoo wetu umetazama milimani..."

"Shika jogoo vizuri kwanza."

"Ukoo wetu umetazama milimani, ukamwona mama. Mjomba wangu amenituma. Ni mtu mwema." Akatazama chini, na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ya Rodrick yule wa zamani aliyekuwa anamsubiri nje ya geti la chuo. "Kweli ni mwema, Devotha. Kuliko mimi. Asingeweza kumwandikia mtu ujumbe ule."

Devotha alikuwa amejiandaa kumweka foleni mpaka mwaka mpya. Alikuwa na maneno yake yote tayari, na Shamsa nyuma ya ukuta alikuwa anayasubiri. Lakini mlangoni mama yake alikuwa amesimama, mikono imeshikana, macho kama ya msichana anayesubiri majibu ya mtihani. Devotha alijua kusubiri kunavyokula mtu.

"Tumepokea," alisema. "Mwambie aje Jumapili na mchungaji aarifiwe."

"Jumapili hii?"

"Hii hii. Au unataka nibadilishe mawazo?"

Rodrick alishuka mlima karibu anakimbia, akasahau kwamba jogoo bado yuko mkononi mwake, ikabidi arudi kumkabidhi.

Walifunga ndoa mwanzoni mwa mwaka, baada ya mavuno ya mpunga, kwaya mbili zikiimba. Makande ya sherehe yalipikwa ya aina mbili, yenye nazi na yasiyo na nazi, kwa sababu bibi harusi hakukubali kushindwa hadharani. Veneranda alikataa kuhamia Kihurio moja kwa moja akisema joto la kule linamfanya aseme uongo. Wakakubaliana: kipindi cha mpunga anashuka, kipindi cha tangawizi mzee anapanda.

Na Aprili hiyo, bila kelele, Wamarekani wakaipita tarehe ya Devotha. Alisoma tangazo jabalini, akateremka akimaliza kutafuna muwa. Miezi miwili baadaye aliitwa Dar es Salaam kwenye usaili. Ofisa wa dirishani, kijana mwenye miwani, alipitia karatasi zake kisha akauliza kama tangu aombe viza hali ya ndoa imebadilika.

"Kwangu hapana," alijibu Devotha. "Aliyeolewa ni mama yangu."

Ofisa aliinua uso, hakujua kama acheke, akagonga muhuri.

Agosti walimsindikiza stendi ya Same. Rodrick ndiye aliyebeba masanduku kwenye gari lake la saruji, na kwa kuwa mjomba wake sasa ni baba wa Devotha, alikuwa anamwita dada, tena kwa sauti, watu wote wasikie. Veneranda hakulia. Alikuwa anatoa maagizo: avae soksi, asiwaachie wale wazee wakae na njaa, asikubali chai ya majani machache. Aliyelia ni mzee Zefania. Alilia wazi wazi, kofia mkononi, mpaka wapiga debe wakaacha kuita abiria wakamtazama, na Veneranda akawa anamfuta uso kwa pindo la khanga huku anamgombeza kwa Chasu kwamba anawatia aibu.

Basi likaondoka. Devotha alitazama nyuma hadi wote wakafichwa na lori la mkonge. Alikuwa anacheka na machozi yanamwagika, yote kwa wakati mmoja, na mama aliyeketi pembeni yake, mwenye kapu la vitunguu mapajani, akampa pole na kumuuliza kama anatoka msibani.

"Hapana, mama," alisema Devotha akitafuta leso. "Natoka harusini."